Tramu ya Ghorofa ya Tatu

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Husemwa hivyo.
Mimi nilikuja, mwenyeji akaangua kilio.

Alhamisi ya kwanza nilivaa pua,
pua nyekundu ya mpira, ya dukani,
na viatu vya kuazima, virefu kuliko aibu yangu.
Mtoto wa kitanda cha pili akapiga yowe,
wa tatu akampokea,
na nesi Jarmila akanishika kiwiko:
"Mzee Bohumír, vua hiyo pua.
Hapa kila aliyefunika uso
ana sindano mgongoni."

Nikavua. Nikakaa kiti cha wageni,
mimi, mkaguzi wa tiketi wa miaka thelathini na minne
katika tramu za Brno,
niliyemtoza faini padri, na bwana harusi,
na mjomba wangu mwenyewe,
nimeshindwa na abiria wa miaka mitano.
Mkono ukaingia mfukoni kwa mazoea
ukakuta koleo la kutobolea tiketi
nililotakiwa kulirudisha siku ya kustaafu.
Sikulirudisha.
Nikalibana. Kachik.
Yowe likakatika.
Kachik.
"Hicho nini?" akauliza Kryštof.

Basi tukafungua njia.
Korido ndiyo reli. Dirisha la dawa ni kituo.
Chumba cha eksirei ni kituo,
ila tunapita bila kusimama: abiria walipiga kura.
Choo, husimama kila mara.
Nguzo ya dripu ina magurudumu,
kwa hiyo kila mtoto ana behewa lake,
na mfuko wa maji unaning'inia juu kama taa.
Tiketi tunazikata kwenye maboksi ya vidonge.
Kryštof, kichwa kitupu kama yai, ndiye kengele,
na mama yake analalamika
kwamba siku hizi hulia hata usingizini:
ding, ding.

Vendulka hakushuka kitandani.
Wiki nne aligeukia ukuta.
Nilimwachia tiketi chini ya kikombe, nzima, bila tundu,
nikapita bila neno.
Mkaguzi anayeijua kazi humtambua
asiye na tiketi, na asiye na nguvu.

Wiki ya tano theluji iliziba mji,
nikafika soksi zimelowa.
Ameketi. Tiketi mkononi.
"Umechelewa dakika kumi na saba."
Maneno yake ya kwanza tangu Novemba,
nayo ni malalamiko.
Nimelalamikiwa maisha yangu yote;
hilo peke yake ningelitia kwenye fremu.

"Inakwenda wapi?"
Nikamtajia vituo. Akatikisa kichwa.
"Mimi nashuka Židenice, kwa bibi.
Nyuma ya nyumba kuna sungura."
Židenice haikuwa kwenye njia yetu.
Tukapindisha reli.
Polepole, hatua moja, kupumzika, hatua moja,
mpaka mwisho wa korido, penye dirisha na hita.
Akaegemeza paji la uso kwenye kioo.
Chini, maegesho, magari yamefunikwa meupe,
hakuna kinachotikisika.
"Wamelala," akasema.
Hata kengele yetu ilinyamaza tukirudi.

Machi, kitanda chake kilikuwa na mvulana mwingine
na mguu wake wa plasta.
Sikuuliza. Ipo kanuni: mtu wa kujitolea haulizi.
Jarmila, akikunja shuka, akasema tu,
"Kwa miguu yake," akaendelea kukunja.

Mei nikamwona. Tramu ya kweli, ya chuma.
Nywele fupi zimeanza kuota, mkono wake kwa bibi,
anahesabu vituo kwa sauti.
Macho yake yakanipitia
kama yanavyompitia mzee yeyote aliyebeba vitunguu.
Alikuwa na kazi: vimebaki vitatu.

Nikashuka kabla ya kituo changu,
nisije nikamkumbusha.
Nikatembea,
vitunguu mkono mmoja,
mwingine mfukoni,
nimelishika koleo lisilie.